Hamadi amekwama jabalini, picha ninayo

Leo nimelipiza kisasi na sijutii hata kidogo.

Binamu yangu Hamadi hupanda majabali ya pwani kwa kamba. Wiki iliyopita niliomba kumpiga picha akipanda, akanicheka mbele ya wenzake: "Huyu kupanda hajui, atapiga picha gani?"

Nikawaomba wenzake hao hao wanifundishe. Kumbe uzito hubebwa na miguu, na Hamadi hujivuta kwa mikono tu.

Basi leo nikajibanza juu, pale nilipojua mikono itamchoka.

Akafika. Mikono ikamwishia nguvu, uso umemsawijika.

"Nishusheni jamani, nakufa," akawalilia wenzake walio chini.

Nikapiga picha kumi na mbili.

Tuliposhuka chini, akanijia kwa upole: "Dada'angu, zifute hizo."

Nzuri kuliko zote nimeiweka hapa kabla hajafungua kamba kiunoni. Semeni nyinyi, niifute?