Kiwanja cha Sikujua

Sikujua alikuwa mke mwenzangu, na mie sikumpenda. Naanza na hilo asije mtu akasema namsifu kwa kuwa amekufa. Mume wetu Nassibu alimleta Kibiti asubuhi, na mpaka adhuhuri yule mwanamke keshauzunguka mji mzima. Hakuwa mtu wa kukaa. Anapika huku anachungulia njiani, anakula amesimama, kanga haijakauka keshaivaa katoka. Na akitoka anakwenda kule kule, uwanjani mbele ya soko.

"Unakwenda kutazama nini, mchanga?"

"Natazama kama bado upo, dada."

Alikuwa na sababu, nisimdhulumu. Mwaka wa mafuriko yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Maji yalichukua shamba lao bondeni, upande wa Mahege, mama yake akapanda naye Kibiti na mkeka mmoja na kuku wawili. Pahala pa kutua palikuwa pale uwanjani. Walikaa mwezi na nusu na watu wengine wa bondeni, ndipo wakapata pa kwenda. Maji yakishuka, mwaka ukiwa mzuri, uwanja ule ule tuliutumia kuanika mpunga, kuchezea ngoma wali wa unyago wakitolewa, na kusalia Idi.

Basi ikaja miaka ya baada ya vita ya pili, Mwingereza bado yupo, malori ya Lindi yanapita, kila mtu anataka duka. Wakaja watu wa serikali na mnyororo wa kupimia, wakachoma vigingi. Swalehe, mnunuzi wa mpunga, akautazama uwanja wetu akaona ghala lake limesimama pale. Akasema sokoni, watu wote wanasikia:

"Pale hapana kitu. Patupu."

Sikujua alikuwa na kapu la muhogo kichwani. Hakulitua.

"Kitupu kichwa chako, Swalehe. Pale si patupu, pale pako wazi. Maji yakirudi watu watatua wapi, tumboni kwako?"

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na mie sikulala, maana chumba chake na changu vilitengwa na ukuta wa udongo tu. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya vidole vya wanawake kwenye karatasi. Vidole sitini na kitu. Changu nilitia ili aondoke mlangoni.

Barua aliiandika Mtoro, karani wa baraza, aliyesoma mpaka darasa la sita, anatembea kama skuli yenyewe kaibeba kichwani. Nilikuwepo. Sikujua alimwambia: "Andika hivi. Sie wanawake wa Kibiti tunaomba kiwanja chetu cha mbele ya soko."

Sote tulisema hivyo. Kiwanja cha ngoma, kiwanja cha mpira, nani hasemi? Mtoro akaandika, hata kichwa hakuinua. Barua ikaenda Utete kwa Bwana Shauri, mzungu mkubwa wa wilaya.

Miezi miwili, jibu likaja. Mtoro akalisoma barazani kwetu. Kiwanja namba kumi na nne, mbele ya soko, amepewa Sikujua binti Tabu, kwa kuwa jina lake ndilo la kwanza. Ajenge jengo la kudumu lenye paa katika miezi kumi na miwili. Asipojenga, kiwanja kinakwenda kwa mwombaji anayefuata.

"Anayefuata nani?" nikauliza.

"Swalehe."

"Mtoro, huko ofisini kiwanja maana yake nini?"

"Pahala pa kujenga nyumba."

"Na weye ulijua?"

"Mie nimeandika alilosema."

Nimekaa jirani na Mtoro miaka mingi baada ya siku ile, sijamwomba hata kaa la moto. Alipofiwa nilipeleka chakula. Salamu sikutoa.

Mji ukamgeukia Sikujua. Mwamini, aliyekuwa wa kwanza kutia kidole, alikuja mpaka uani kwetu. "Shoga, kidole changu umekijengea nyumba? Basi nionyeshe chumba changu!" Sikujua aliinuka. Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Akijenga, uwanja umekufa kwa mkono wake. Asipojenga, umekufa kwa mkono wa Swalehe. Miezi tisa mwanamke anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Na katikati ya hayo Nassibu akafa. Nyumba niliyokuwa nakaa ilikuwa yangu. Ya Sikujua ilikuwa bado ni miti tu. Kaka yake Sadala, mtu wa visiwani huko delta, mto unapoingia baharini, alimkatia boriti za mkoko thelathini, zimeegemezwa ukutani kwangu zinangoja. Nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya yangu. Nilikuwa nazihesabu zile boriti kila asubuhi, maana siku zitakaposimama ndiyo siku nitakayopata pumzi.

Mwezi wa kumi na moja tangu lile jibu, nikasikia boriti zinaburutwa. Nikasema alhamdulillahi. Kutoka nje, namwona kazibeba kichwani mbili mbili, anakwenda sokoni.

"Sikujua! Utalala wapi weye?"

"Kwako, dada."

Akazisimika ukingoni mwa uwanja, upande wa barabara. Juu akaezeka makuti, chini akapiga sakafu ya udongo, pembeni akazungusha kibaraza cha kukalia. Basi. Ukuta hakuna, mlango hakuna. Uwanja wote nyuma yake akauacha vilevile.

Siku ya mwisho akaja mzungu wa vipimo, Mtoro pembeni anatafsiri, Swalehe nyuma yao kavaa kanzu mpya.

"Nyumba iko wapi?"

"Hii hapa, bwana."

"Haina kuta."

"Hii ni baraza. Kwetu nyumba inaanza na baraza, mgeni apate pa kukaa. Vyumba vinafuata."

Mzungu akagonga boriti kwa fimbo. Mkoko huo, mchwa hawauwezi. Akaandika kwamba ujenzi umeanza.

"Muongo huyu!" Swalehe akapiga kelele.

"Muongo kwa lipi? Ngoja vyumba."

Mwaka wa pili wakaja, vyumba vinafuata. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Swalehe akajenga ghala lake njia ya Utete, na bila haya akawa anakuja kunywa kahawa kwenye baraza ile ile. Mwamini alirudi kuanika mpunga wake, radhi hakuomba. Na Sikujua alikaa nyumbani kwangu miaka kumi na moja, anazunguka, anagonga masufuria alfajiri. Boriti zile sijamsamehe.

Alikufa wakati wa masika. Kiangazi mzungu wa vipimo akaja, mwingine, kijana, karatasi mkononi, Mtoro yule yule pembeni. Akauliza mwenye nyumba namba kumi na nne. Watu barazani wakanitazama mie.

"Amekufa? Basi nani ataimaliza?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule kijana juu ya Sikujua. Nyuma yake mpunga wa watu umeanikwa, umetanda mpaka kule mwisho.

"Mie mke mwenzie," nikasema. "Vyumba vinafuata."

Mtoro akaanza kucheka.

"Weye usicheke," nikamwambia. "Andika."