Fundi Kamaliza Steringi, Mume Wangu Bado Anasema Nzito

Admin, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje, maana huku kwetu Unguja watu wanajua gari ya nani imelala wapi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nna watoto wawili wanasoma. Tunakaa upande wa Tunguu, zaidi ya hapo sisemi. Nnaandika nimejifungia chumbani, kwa haraka, basi herufi zikikosewa mnistahamilie.

Mume wangu, nimwite Baba Watoto, kazi yake kutembeza wageni. Anawachukua mahotelini Mji Mkongwe, anawapeleka mashamba ya viungo Kidichi, jioni anawashusha Forodhani wakale. Gari ni yake mwenyewe, ile ya kizamani ya kupandia mawe na matope. Kainyanyua juu, kaitia matairi mapana, mpaka mama yake akitaka kupanda lazima awekewe kigoda. Anaipenda gari hiyo, wallahi, kuna siku nilimwambia bora ungeioa. Akacheka, akaenda kuifuta vioo.

Sasa miezi ya karibuni akaanza kulalamika steringi nzito. Mwanzo ilikuwa kweli. Mimi leseni sina, lakini huwa naiingiza gari uani, na nilipoishika ilikuwa kama nnasukuma kabati. Fundi wetu, nimpe jina la Makame, akasema matairi yale yanaielemea pampu ya steringi, na mkanda wake umelegea unateleza. Akaukaza mkanda, akamwaga mafuta ya steringi yaliyokuwa meusi tititi, akatia mapya, akainua magurudumu ya mbele akawa anazungusha usukani huku na huku mpaka upepo wote ukatoka. Gari ikawa laini, nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Hayakwisha. Haukupita muda akaanza tena: nzito, na kwenye kona ndiyo zaidi. Makame akabadilisha pampu. Nzito. Akabadilisha mpira wa mafuta, labda unajiziba. Nzito. Mwisho mume wangu, na matairi yake yale anayoyaosha kwa sabuni ya kuogea, akakubali yavuliwe yarudishwe ya kawaida. Hapo roho yangu ikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu mimi simjui mume wangu wa kuyaachia matairi yale. Na bado akasema nzito.

Siku hiyo nilikuwapo gereji, nimempelekea mume wangu chakula. Yeye kaenda kusali Adhuhuri. Makame akaniambia nipande, niwashe, nigeuze usukani. Nikageuza kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika bakuli, na usukani ukazunguka wenyewe. Makame akapangusa mikono kwa tambara muda mrefu, ndipo akasema, "Dada, gari hii nshaimaliza. Haina kitu."

Nilikuwa nnafikiria kijiko.

Mume wangu tangu nimjue wali anakula kwa mkono, na anayekula kwa kijiko humcheka, ati kajigeuza mgeni wa hoteli. Siku hizi kijiko anakiomba yeye. Mimi na ulimi wangu huu nikamkejeli mbele ya watoto, nikidhani maringo. Kumbe hata hicho kijiko kinamponyoka, na kwa mkono wa kushoto hali, ndivyo tulivyolelewa, basi huacha nusu sahani akasema kashiba. Vifungo vya kanzu nnamfunga mimi. Vyote hivyo nilikuwa nnaviona, sikuviunganisha mpaka nilipokaa kwenye kiti chake.

Ijumaa tulikuwa tunarudi kutoka Kidichi kwa shangazi yake, watoto nyuma. Tulipofika kwenye kona akaushusha mkono wa kushoto abadilishe gia, usukani ukabaki na wa kulia peke yake. Gari haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja, na mbele yetu pembeni kuna mama kajitwika kuni. Niliurukia usukani mimi. Tukasimama matairi mawili yamo ndani ya nyasi, yule mama kaziangusha kuni zake anatutazama tu.

Baba Watoto akasema, "Umeona? Makame kaniharibia gari."

Nikamwambia, "Si gari. Ni mkono wako."

Akaendesha polepole mpaka nyumbani. Watoto waliposhuka akabaki kaushika usukani, akaanza kulia, na mimi sijapata kumwona analia. Baba yake alianza hivi hivi: mkono, kisha mguu, kisha kitanda, akauguzwa mpaka akafa. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hospitali ndiko walikomwambia baba yake hataendesha tena. Akaniapisha nisimwambie mtu, si mama yake, si Makame, si daktari. Nami nikaapa, jamani, kwa sababu ya yale machozi.

Kiapo nikikivunja kina kafara yake, hilo nnalijua, silo linalonitisha. Nnaogopa nikisema, hatonisamehe. Nnaogopa nikinyamaza, itakuja kona ambayo mimi simo garini. Kila akitoka, simu ikilia nnaikimbilia. Nnaogopa zaidi kwamba ugonjwa wenyewe unazidi kila siku tunayomsingizia Makame, na huenda ulikuwa wa kutibika.

Leo asubuhi nimeuchukua ufunguo wa gari, nimeufunga kwenye ncha ya kanga yangu. Ana wageni wanamsubiri mjini, na njiani anawashusha watoto skuli. Nnamsikia anafungua makabati, anafunga. Sasa ananiita. Nimeitika naam, lakini mlango sijaufungua.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Niitoe siri kwa mama yake, au nimpe ufunguo wake? Jibuni upesi, watoto nnawaona dirishani wameshapanda garini na mikoba yao.