Jembe la Baharini

Tangu wanunuzi binafsi waanze kuupigania mwani wetu hapa pwani ya Tanga, tunaletewa wanafunzi wa kilimo waje kujifunza kwa vitendo. Wa mwaka huu katoka Tukuyu. Aliambiwa anakwenda shambani, basi akaja na jembe. Akaja pia na sweta, gambuti na mwavuli, maana kwao huko milimani Rungwe mvua haina likizo. Kila asubuhi huitazama mbingu kavu, hukunja uso, kisha huufungua mwavuli vilevile. Hutembea ameinama kama anapanda mlima, na ufuko wetu ni tambarare kama mkeka. "Mama, tunapalilia lini?" huniuliza. "Bahari haina magugu, mwanangu." Huandika daftarini, lakini haniamini.

Juzi maji yalianza kujaa na mwanafunzi wetu kabakiza kamba moja ya mwani, na vigingi vya kuifungia vimekwisha. Bi Mwanahawa, mkulima mwenzangu, akapiga kelele, "Toka, bahari inakuja!" Kijana akajibu kwa heshima zote, "Namalizia tuta, mama." Akalizika jembe mchangani, mpini ukabaki juu, akaifunga kamba yake hapo, akatoka maji yakiwa kiunoni na mwavuli kichwani. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Bahari ikachafuka siku ile ile. Maji yalipokupwa, vigingi vyetu vyote vilikuwa vimeng'oka na mwani umekwenda. Jembe limesimama, na kamba yake imejaa mwani. Bi Mwanahawa akajisogeza chini ya mwavuli, akamwuliza kwa sauti ndogo kama huko Tukuyu majembe bado yapo.