Mama Mmoja wa Hässelby

Laurentine alikijua kichwa cha Felicia kuliko alivyokijua chake mwenyewe. Alijua kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, ukumbusho wa barafu ya uwanja wa shule. Alijua kwamba nywele za kisogoni ni laini na hazipendi kuvutwa, na kwamba za utosini ni ngumu, zinataka mafuta na subira. Kwa miaka kumi na sita kichwa hicho kilikaa katikati ya magoti yake, kwanza kikiwa cha msichana anayelia kila chanuo likipita, sasa kikiwa cha mbunge.

Alikuwa na desturi moja. Akimaliza kusuka aliweka kiganja juu ya utosi, akanyamaza kidogo, midomo ikicheza bila sauti, kisha akasema, "Haya, simama." Mama yake alimfanyia hivyo kule Uvira, Kongo, na bibi yake alimfanyia mama yake. Wateja wa kawaida aliwashukuru, akawafungulia mlango. Kiganja kilikuwa cha watu wa nyumbani.

Belyse, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa akikikwepa.

"Mama mdogo, mkono wako unanuka vitunguu," alisema kwa Kiswidi, kama alivyosema karibu kila kitu, akaruka huku anacheka kabla mkono haujashuka.

Vitunguu vilikuwa kweli. Siku za kazi Laurentine alikuwa jikoni katika shule ya msingi, akipika chakula cha mchana cha watoto ambao hawakumjua jina lakini walijua ni yupi anayeongeza mchuzi ukimtazama vizuri. Jumamosi sebule yake ya ghorofa ya tatu, hapo Hässelby mwisho wa treni ya kijani, iligeuka kuwa saluni. Wanawake walikaa kwenye kochi na kwenye mito sakafuni, Wakongo na Watanzania na Warundi, kila mmoja na Kiswahili chake, na chai haikukauka kwenye birika.

Aliyempokea Laurentine alipofika Uswidi alikuwa Josefina, mama yake Felicia. Walikutana kanisani Vällingby, mwezi wa Novemba, Laurentine akiwa amevaa viatu vya wazi. Josefina hakuuliza kitu. Alivua soksi zake za sufu palepale kwenye benchi, mchungaji akiendelea kuhubiri, akamvisha mgeni kama anavyovishwa mtoto. Tangu hapo wakawa ndugu. Baadaye Josefina aliugua, dawa zikamnyonyoa nywele zote, naye akamwita Laurentine hospitalini.

"Mimi sina tena cha kusukwa," alisema. "Msuke huyu."

Laurentine hakuhitaji neno jingine. Alimsuka Felicia kwa mazishi ya mama yake. Alimsuka alipomaliza chuo. Felicia alipogombea ubunge, Laurentine alipanda ngazi za majengo ya Hässelby akitia vipeperushi kwenye milango ya watu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na kura. Cheti chake cha kuzaliwa kiliungua pamoja na nyumba, na bila cheti uraia ulikuwa haujapatikana. Usiku wa matokeo alipiga vigelegele mpaka jirani Mswidi akagonga ukuta, kisha akaja mlangoni kuuliza kama wamepata mtoto.

"Ndiyo," Laurentine alimjibu. "Tumepata."

Muswada ulikuja mwaka wa pili wa ubunge wa Felicia. Ulisema kwamba kijana aliyeletwa nchini kwa kibali cha familia, akitimiza miaka kumi na minane, atahesabiwa peke yake. Awe na kazi na mshahara wa kutosha, la sivyo arudi alikozaliwa. Belyse alikuwa na miaka kumi na minane tangu majira ya joto. Alikuwa bado shuleni, akisomea kuhudumia wagonjwa, na wikendi aliwalisha wazee katika nyumba ya wazee. Mshahara wa wikendi haukutosha. Alikozaliwa ni Uvira, na Uvira hakukuwa tena na mtu wa kumfungulia mlango.

"Wameanza tena hao," alisema Tereza Jumamosi moja, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka. Tereza alikuwa Mtanzania, dereva wa basi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwaambia abiria wasogee nyuma. "Mtoto analala ni wa mama yake, anaamka ni mgeni. Mbunge wetu anasemaje?"

"Hajasema," alijibu Laurentine.

"Hajasema? Wakati wa kampeni alisema mpaka ndani ya lifti! Hawa watu wakitafuta kura wanakula sambusa zetu, hata zilizoungua. Wakishapata, ukiwakaribisha chai wana mkutano."

Wanawake walicheka. Tereza akanogewa.

"Akija kwako, Mama Belyse, msuke twende kilioni. Ile ya harakaharaka, ya msibani. Atuwahi sisi kwenye msiba wetu."

"Felicia si hao watu," Laurentine alisema, akavuta nywele kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Aii! Kichwa changu kimekukosea nini?"

"Felicia ni mtoto wa Josefina. Hawezi."

Belyse alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe mkononi. Alimtazama mama yake mdogo kama mtu anayetaka sana kuamini.

Felicia alikuja Jumapili kabla ya wiki ya kura, amelowa mvua, na mfuko wa maandazi ya mdalasini. Alivua viatu, akambusu Laurentine mashavu yote mawili, akakaa sakafuni mahali pake. Alitaka rasta nyembamba, za kuonekana nadhifu.

Ukimsuka mtu humwoni uso. Laurentine alipenda hivyo. Watu walimwambia mambo wakitazama ukuta ambayo wasingeyasema wakimtazama macho. Aligawa njia ya kwanza, akapaka mafuta, akaanza.

"Feli, mwanangu. Huo muswada."

Mabega ya Felicia yalipanda kidogo, yakashuka.

"Tantine," alisema, akimwita shangazi kwa Kifaransa cha Kongo, "ni mambo magumu. Chama chetu kimekubaliana na wenzetu. Nimewapigania ndani, hujui nilivyowapigania. Mwanzoni walitaka mabaya zaidi."

"Na hii iliyobaki?"

"Hii iliyobaki ndiyo iliyowezekana."

"Kura ni chache tu zinazowatenganisha, Tereza anasema. Wachache wakikataa, inaanguka."

"Nikikataa watanitoa kwenye orodha ya chama, Tantine. Uchaguzi ujao kwenye kiti changu atakaa mtu asiyejua hata Uvira iko upande gani wa dunia. Nani atawasemea?"

Laurentine alisuka rasta nzima mpaka ncha. Hakuwa na hoja. Alikuwa na jina moja tu, akalitoa.

"Na Belyse?"

Mvua ilipiga dirisha. Ndani chumbani kwake Belyse alikuwa ameuzima muziki.

"Nitafanya ninachoweza," alisema Felicia kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na miwili, na Laurentine akaiamini. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya utosi, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alimtaja Mungu. Alimtaja Josefina. Aliomba mtoto huyu apewe nguvu ya kusimama.

Na kweli, Jumatano Felicia alisimama.

Laurentine aliomba ruhusa akatoka kazini mapema. Tereza alikuja na sare yake ya basi. Belyse aliwasha televisheni, wakakaa watatu kwenye kochi. Mtu mmoja alisema, akatoka. Mwingine akasema, akatoka. Kisha likaitwa jina la Felicia, na Tereza akapiga kofi moja, "Huyo!"

Alipanda kwenye mimbari, rasta zimefungwa nyuma, kazi nzuri, kila njia imenyooka. Laurentine alijikuta anatazama nywele kwanza, kama fundi, kisha ndipo akasikiliza. Felicia alisema kwamba yeye ni binti wa mkimbizi. Alisema anajua uchungu wa kuondoka. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la mama yake, akasema kuna mama mmoja wa Hässelby.

Kiswidi cha Laurentine kilikuwa cha jikoni na cha basi, lakini kilitosha. Mama huyo, alisema Felicia, amenisuka tangu utoto wangu. Anaamka kabla ya jua kupikia watoto wa nchi hii. Hajawahi kuomba kitu kwa mtu. Watu kama yeye ndio wanaochukia wengine wakipita njia za mkato. Sheria hii inamheshimu mama huyo. Ndiyo maana naiunga mkono.

Belyse alipunguza sauti ya televisheni.

"Amesema nini?" Laurentine aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

Belyse alimgeukia. Kisha, kwa Kiswahili, polepole, kama anayepita kwenye barafu: "Amesema wewe ni mtu mzuri, Mama mdogo."

"Mshenzi!" Tereza alisimama. "Anakupeleka bungeni kama cheti! Mwanamke hana hata kura, wanamtoa mfukoni kama fimbo ya kumpigia mwanawe! Zima hiyo takataka."

"Acha," alisema Laurentine. "Bado hajabonyeza."

Walingoja. Wabunge walibonyeza vitufe vyao, na kwenye ubao mkubwa taa zikawaka, za kijani na nyekundu. Belyse aliijua nafasi ya Felicia. Alikwenda mpaka kwenye kioo cha televisheni, akaweka kidole. Kidole kilikuwa juu ya kijani. Muswada ulipita, na tofauti ilikuwa ndogo, watu ambao wangeenea kwenye kochi hilo.

Tereza alilia kwa hasira, kisha akaenda kuendesha basi, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika. Laurentine aliosha vikombe. Alivikausha, akaviosha tena.

Kanisani watu walianza kumwita "mama mmoja wa Hässelby." Wengine walitania. Wengine, na hao ndio waliomuumiza zaidi, walimpa mkono wa hongera.

Wiki sita zilipita. Rasta zina muda wake, zikizidi zinakata nywele, na Felicia alikuja. Nje theluji ilikuwa imeanza. Alisimama mlangoni na mfuko wa maandazi, kofia ya sufu mkononi.

"Karibu," alisema Laurentine, kwa sababu hakujua namna ya kumwambia mtu yeyote neno jingine mlangoni.

Felicia alikaa mahali pake. Laurentine alianza kufumua. Kazi ya kufumua haina haraka. Rasta moja moja ilifunguka, ikaanguka sakafuni.

"Tantine, umenikasirikia."

"Geuza shingo kidogo."

"Nilikutaja kwa heshima. Watu wengi waliniandikia, walilia."

"Uliniazima bila kuniomba, Feli." Hakupandisha sauti. "Ungemtaja Belyse. Kwa nini hukumtaja Belyse?"

"Wangesema naleta mambo ya nyumbani bungeni."

"Na mimi nilikuwa mambo ya wapi?"

Mabega yalianza kutikisika. Laurentine aliona machozi kwa mabega tu. Alijua jinsi kichwa hiki kinavyolia. Alikuwa amekishika kikilia makaburini, kwenye upepo, alipokuwa amebaki yeye peke yake wa kukishika. Vidole vyake vilitaka kushuka kwenye shavu. Aliviambia vifumue, vikafumua.

"Mama angesema nini?" aliuliza Felicia.

"Usiniulize hilo. Yeye alivua soksi zake."

Alipomaliza alichana, akapaka mafuta, kwa sababu hakuna kichwa alichowahi kukiacha kikavu. Felicia hakusimama. Aliinamisha kichwa, akangoja. Laurentine aliutazama ule utosi, na mkono wake wa kulia ukajiinua wenyewe, ukafika karibu mpaka akasikia joto. Ukakaa hewani. Aliusubiri kama mtu anavyosubiri treni ambayo ubao umeshasema haiji.

Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye kanga.

"Kusuka sitakusuka," alisema. "Tereza anamjua msusi mzuri Norsborg. Atakupa namba."

Felicia alisimama, akavaa kofia juu ya nywele zilizo wazi. Alikuwa mbunge wa Bunge la Uswidi, na alihangaika na kamba za viatu kama mtoto. Mlangoni alisema "Kwaheri, Tantine," na ngazi zikamchukua.

Maandazi yalibaki mezani. Hakuna aliyeyala.

Belyse aliitwa na idara ya uhamiaji mwezi wa Machi, peke yake, kama sheria ilivyotaka. Jioni ya kuamkia siku hiyo alileta mto sebuleni mwenyewe, akauweka sakafuni, akakaa katikati ya magoti ya mama yake mdogo. Laurentine alimsuka mistari ya kurudi nyuma, rahisi, isiyomvuta mtu macho. Belyse aliuliza kama Uvira kuna baridi. Laurentine alisema hakuna. Aliuliza kama nyumba ya bibi ilikuwa karibu na ziwa. Laurentine alisema ilikuwa karibu, ukifungua dirisha unalisikia.

Mstari wa mwisho ulipofungwa, Laurentine alikusanya chanuo na mafuta, akaanza kuinuka. Alikuwa amezoea huyu kuruka.

"Mama mdogo," alisema Belyse, kwa Kiswahili. "Mkono."

Laurentine alikaa tena. Aliweka kiganja juu ya utosi, kikinuka vitunguu, na midomo yake ikatafuta maneno, ikayakosa. Nje treni ya kijani ilifika mwisho wa njia, ikafungua milango, ikakaa hapo na taa zake zote. Belyse hakusogea. Laurentine hakusema "Haya, simama."