Vijiti vya Mti wa Kahawa

Ukitaka kujua watu ni wachafu kiasi gani, usihangaike na vyoo vyao. Pindua viti vyao. Kathuri amevipindua kwa miaka arobaini na saba katika karakana yake pale Makutano, mjini Meru, na mpaka leo moyo humchafuka. Chini ya viti vya sebule za heshima, za watu wanaotembea na leso nyeupe mfukoni, hukuta makamasi yaliyokauka, chingamu, mayai ya mende, kucha zilizokatwa, na mara moja alikuta jino. Kiti cha mwalimu mkuu mmoja kilikuwa na makamasi ya miaka thelathini, tabaka juu ya tabaka. Kathuri alikisugua kwa maji ya moto huku akitukana, na siku hiyo chakula cha mchana hakikushuka.

Lakini huko huko kwenye uchafu ndiko anakosomea. Viti vya zamani vingi havina jina la fundi wala mwaka, na wenye pesa siku hizi wameingiwa na wazimu wa kutaka kujua. Basi humletea Kathuri. Yeye hukipindua kiti, hukinusa, hupitisha ukucha kwenye maungio, huangalia kama skrubu ilikatwa kwa mashine au kwa tupa, kisha hukwambia: hiki ni cha karakana ya misheni, kabla ya Uhuru, hiki ni cha Mhindi wa Embu, hiki ni cha juzi, kimepakwa majani ya chai na masizi, mrudishie mwizi wako. Ana sheria moja tu. Hatamki neno kabla ya kukipindua kiti kwa mikono yake mwenyewe. Sheria hiyo huisema kwa majivuno hata asipoulizwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, pikapu ilisimama mlangoni na Winrose akashuka. Winrose ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kazi yake ni kuzunguka vijijini akinunua vyombo vya zamani na kuviuza Nairobi. Ana maneno matamu na viatu vya bei, na Kathuri hakuwahi kumpenda, ingawa alimletea kazi nyingi.

"Mzee, leo nimekuletea dhahabu," alisema, akashusha viti sita. "Hizi ni za Denmaki. Angalia hizo miguu, vile zimekonda. Niko na mnunuzi Nairobi ako tayari, lakini anasema bila wewe hanunui. Anataka nikuchukue video ukipindua kimoja na useme tu, Denmaki, miaka ya hamsini. Basi."

Vilikuwa viti vizuri, hilo Kathuri hakulikataa. Vyepesi, migongo imelala kidogo, miguu imechongwa ikapungua kuelekea chini bila kupoteza nguvu. Alikichukua cha kwanza, akakipindua, akakinusa.

Ulikuwa mti wa muuru, ule ambao wauza mbao huuita Meru oki. Denmaki hakuna muuru. Kitambaa cha chini kilikuwa gunia la kahawa. Na kwenye maungio, pale ambapo fundi mwingine angepiga msumari, palikuwa na kijiti cheupe kigumu cha mti wa kahawa, kimechongwa kwa kisu pande nane, kikapigiliwa kikiwa kikavu katika mbao ambayo bado ina maji kidogo. Mbao ikikauka, inakibana kijiti na kiti hakitikisiki tena mpaka Yesu arudi. Kathuri alijua fundi mmoja tu aliyefanya kazi hivyo. Ni Gitobu wa Githongo, aliyemfundisha kushika patasi, na ambaye walimzika miaka kumi na miwili iliyopita.

Akageuza miguu ya nyuma. Kijiti kimoja kila mguu. Hapo akapata na umri pia. Katika mwaka wa sitini na tisa, wazee walikaa kujadili mahari huko Githongo, na mmoja wao, mtu wa tumbo, akaegemea nyuma kwenye miguu miwili jinsi wazee wanavyofanya wakitaka kuongezewa mbuzi. Mguu ukachomoka, mzee akaanguka chali mbele ya wakwe. Mahari yenyewe karibu yavunjike. Tangu siku hiyo Gitobu aliweka vijiti viwili kwenye miguu ya nyuma, na hadithi hiyo aliisimulia kila wiki. Kwa hiyo viti hivi vilikuwa vya kabla ya hapo. Vilikuwa vile alivyovitengeneza alipomwoa Ciakuthii, sita vya wageni na kimoja chenye mikono cha mwenye nyumba.

"Umevitoa wapi?" Kathuri aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa nyanya mmoja huko Githongo. Nilimbadilishia na za plastiki. Sita kwa sita, mpya kabisa, za rangi ya bluu." Winrose alicheka. "Alikuwa anakataa, si unajua wazee. Lakini wewe ndiye ulinisaidia."

"Mimi?"

Winrose akatoa simu, akatafuta, akabonyeza. Ikatoka sauti ya Kathuri mwenyewe, nzito, ya mtu anayetafuna: "Hizo zimeliwa na wadudu. Ambia mwenyewe achome kabla hazijaambukiza nyumba yote."

Akakumbuka. Mwezi wa tatu Winrose alimtumia picha moja, mguu wa kiti wenye vitundu vidogo. Yeye Kathuri alikuwa hotelini akila nyama. Hakuuliza ni kiti gani wala cha nani. Alirekodi maneno yale, akafuta mafuta kwenye simu, akaendelea kula.

Sasa alivitazama vile vitundu. Vilikuwa vya misumari midogo, ile ambayo akina mama hupigilia ili vitambaa vya kufuma visiteleze kwenye kiti. Hapakuwa na mdudu hata mmoja. Akatoka nje akatema mate. Alijichukia pale, na akaichukia ile sauti, jinsi ilivyojaa nyama na ujuaji.

"Nyanya ukamsikizisha hiyo?"

"Ndiyo. Alisema, huyo ni Kathuri, alikuwa kwetu. Akaniambia nibebe." Winrose alikuwa tayari ameinua simu achukue video. "Sasa mzee, tuanze. Sema Denmaki."

"Hivi ni vya Gitobu."

"Gitobu ni nani? Nani atanunua Gitobu?" Alisema bila haya, akitabasamu. "Mzee, huyo amekufa. Hana haja na jina."

Kathuri alimtazama yule mwanamke na tabasamu lake, akasikia kinyaa ambacho makamasi ya mwalimu mkuu hayakuwahi kumtia. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba asingeweza kumtukana. Akimtukana yeye, angejitukana wapi? Mmoja aliiba kwa mdomo mtamu, mwingine alimpa huo mdomo. Akisema Denmaki leo, Gitobu angezikwa mara ya pili, na safari hii bila msalaba.

Hakubishana. Ndani ya karakana palikuwa na kabati lake la muuru, la milango mitatu, ambalo Winrose alikuwa amelimezea mate kwa miaka miwili na Kathuri akikataa kuliuza.

"Chukua hilo kabati. Niachie viti."

Winrose hakuuliza mara mbili. Alilipakia upesi asije mzee akabadili nia, na wakati pikapu inaondoka alikuwa tayari anampigia mnunuzi simu. Kathuri alimsikia akisema kabati ni la Uingereza.

Mchana ule ule alikodi gari akapanda Githongo. Njia nzima alipanga maneno. Angevishusha viti, angevipindua kimoja kimoja mbele ya Ciakuthii, amwonyeshe kazi ya mume wake, aombe msamaha mara moja tu na kwa ufupi.

Alimkuta ameketi uani kwenye plastiki ya bluu, akichambua maharagwe. Ana miaka themanini na mitatu, mgongo umeinama lakini vidole bado vyepesi.

"Muga, mama."

"Muga, Kathuri. Umezeeka."

Alivishusha viti. Yule mama akavitazama, hakusimama. Kathuri akapiga goti, akakipindua kimoja, akaweka ukucha kwenye kile kijiti cheupe.

"Mama, nilikosea. Hizi hazina wadudu. Nilisema bila kuziangalia. Ona hii. Hii ni mkono ya Gitobu, hakuna mtu mwingine alikuwa anachonga namna hii, pande nane. Ningeijua hata nikiwa kipofu."

Ciakuthii aliacha maharagwe. "Hiyo ni mkono yangu."

Kathuri akakitazama tena kijiti.

"Gitobu hakuwa na subira ya kisu. Mbao alikuwa anakata yeye. Vijiti nilikuwa nachonga mimi, hapo kwa jikoni, nikingoja chakula iive. Zote. Hata zile ulikuwa unapigilia wewe ukijifunza kazi, ulikuwa unazitoa kwa mkebe, hukuuliza nani amejaza mkebe."

Miaka arobaini na saba ya kupindua viti, na kazi iliyomfanya awe fundi hakuwahi kuuliza ni ya nani. Uso ulimwaka. Akavihesabu viti, vilikuwa sita.

"Na kile cha mikono kiko wapi? Kile cha mzee?"

"Nilichoma."

"Mama!"

"Si ulisema zichomwe? Huyo msichana alibeba sita, hicho nilikuwa nimekificha chumbani. Alipoenda nikakitoa. Kilipika maharagwe siku mbili."

"Lakini wewe ndiye ulichonga. Wewe ulijua hakina wadudu."

"Nilijua," alisema Ciakuthii. "Nilikipindua, nikaangalia, sikuona kitu. Lakini wewe ndiye fundi. Nikasema labda ni macho yangu yameisha."

Akarudi kwenye maharagwe yake.