Wiki Tatu kwa Herufi Moja

Niliifuta kompyuta ya duka langu asubuhi ileile ambayo shangazi wa bibi harusi mmoja alikuwa anatoka Mlingotini kuja kuchukua kadi za mwaliko.

Nina steshenari ndogo hapa Bagamoyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiuliza ni nini hasa kinachotokea kati ya kubonyeza swichi na kuona picha kwenye kioo. Nikasoma mtandaoni kwamba chini ya programu zote kuna moja inayoitwa kiini cha mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu na kuamua programu ipi ifanye kazi na ipi isubiri. Nikasoma pia kwamba mtu anaweza kuandika ya kwake. Basi nikanakili mistari michache ya programu, nikaituma kwenye kile nilichodhani ni flashi. Kumbe ilikuwa diski yenyewe ya kompyuta.

Shangazi alifika akakuta kioo cheusi. Nilimweleza ukweli, nikampa kiti, nikampigia fundi wangu wa printa, dada mmoja anayeishi Kerege. Alifika kabla ya adhuhuri, akamwamkia mama yangu aliyekuwa anakata karatasi kaunta, akaiwasha mashine kwa flashi aliyokuja nayo. Faili za kadi zote zilikuwepo, tukazichapa. Nilichofuta, alisema, ni kipande kidogo cha mwanzo wa diski, kile ambacho mashine hukisoma kwanza ili ijue pa kuanzia. Shangazi akaondoka na kadi zake zikiwa bado na joto la printa, na mimi akaniachia moja.

Nilidhani fundi atanicheka. Akavuta kiti, akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nilipomweleza, alitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Chuoni aliwahi kujaribu jambo hilohilo, akakosa mtu wa kuzungumza naye.

"Dada, usijifunzie kwenye mashine inayokulisha," akaniambia. "Weka programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta. Hiyo ikifa, unaifunga na kuifungua tena. Na usianze na makubwa. Andika herufi moja tu kwenye kioo."

Akanishauri nijifunze kwanza C, lugha ya kuandikia programu, hasa sehemu ya anwani za kumbukumbu ambayo wanafunzi wengi huiruka. Nikaanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana, wateja wanapopungua, nilifungua daftari langu. Nilijifunza kwamba kuna eneo la kumbukumbu ambalo ukiweka namba humo, herufi hutokea kwenye kioo. Nilikosea anwani, nikakosea namba, nikakosea hata mpangilio wa faili.

Wiki ya tatu, herufi M ikatokea. Ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea. Mashine ya kuigiza ilikuwa inajizima na kujiwasha bila kuchoka. Nilimtumia fundi video, akanijibu kwa swali: baada ya kuandika herufi, nimeiambia mashine ifanye nini? Sikuwa nimeiambia kitu. Ilikuwa inaendelea kusoma kumbukumbu iliyofuata kana kwamba ni amri, inakwama, inaanza upya. Nikaongeza mstari mmoja wa kuiambia itulie hapo. Ikatulia.

Nikamwita mama aje aone. Aliinama, akakitazama kioo kwa makini.

"Wiki tatu, herufi moja?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ningeiandika kwa kalamu."

Lakini jioni nilimsikia akimweleza jirani kwamba binti yake ameifundisha kompyuta kusoma na kuandika, na sikumsahihisha.

Siku hizi fundi huja Jumamosi hata printa ikiwa nzima. Tunasoma pamoja kiini kimoja kidogo kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi. Tunabadilisha mstari mmoja, tunaona kilichoharibika, tunaurudisha. Jumamosi iliyopita tuliunganisha kibodi. Nilibonyeza kitufe kimoja, zikatokea alama mbili. Tulihangaika saa nzima kabla ya kugundua kwamba kibodi hutoa taarifa mara mbili, unapobonyeza na unapoachia kidole. Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akauliza kama arudi baadaye.