Mafaili 87 yasiyo na jina

Saa moja na robo asubuhi. Mama Amri anavua viatu vya barabarani, anavaa ndala, anaketi mbele ya kompyuta na kuigeuza skrini ili mtu wa upande wa pili wa meza asione kitu. Ndipo anapomwita muuguzi anayesubiri kwenye benchi la korido.

"Karibu, mwanangu. Nina maswali matatu. Usikisie. Kama hukumbuki, sema hukumbuki."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa mawili, unarudi nyumbani ukafikirie. Sijamfukuza mtu hapa, ila sijambeba mtu pia."

Muuguzi huyo amesafiri kwa saa tisa. Alihitimu katika chuo hiki cha uuguzi miaka ishirini na minne iliyopita, na kwa miezi mitano sasa anakaimu uongozi wa wodi ya wazazi. Ili athibitishwe, anatakiwa kuwasilisha matokeo yake ya chuo kabla ya Ijumaa. Leo ni Jumatano. Asipoyapata, nafasi anapewa mwingine.

Matokeo yapo. Yamo ndani ya kompyuta hiyo, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye magoti yake. Kinachokosekana ni jina lake juu yake.

Mama Amri ana miaka hamsini na tisa. Ameitunza masijala ya chuo kwa miaka thelathini na mmoja, tangu enzi za mashine ya kupiga chapa. Jina la Mama Amri alibandikwa na walimu, kwa sababu kompyuta yake haiendeshi kwa kubofya bali kwa amri za kuandika. Folda yake ina mafaili zaidi ya elfu mbili, na mashine ni kongwe.

"Ukiifungua kwa kipanya inaganda kama imekanyaga chatu," anasema. "Ukiiandikia, inatii. Mume wangu anasema afadhali, maana hamu ya kuamrisha naimalizia kazini."

Amri zake zinatosha kwenye kiganja. Akiandika dir, mashine inamtajia vilivyomo. Akiandika copy, inanakili. Ren inabadilisha jina la faili, na del inafuta. Inafuta kweli, wala haiulizi mara mbili.

Mwaka jana amri mbili kati ya hizo zilimtia mashakani.

Uongozi ulitaka rekodi zote ziwekwe kwenye folda moja, ziwe tayari kuhamishiwa kwenye mfumo mpya. Mama Amri aliandika kwamba kila faili linakiliwe na kupelekwa ZAMANI. Alichosahau ni kitu kidogo mno: folda iitwayo ZAMANI hakuwa ameiunda bado.

Mtu angemuuliza, "Mama, ZAMANI ndiyo wapi?" Mashine haina adabu hiyo. Ilipokosa folda ya jina hilo iliunda faili moja, ikaliita ZAMANI, kisha ikamimina humo rekodi zote 2,140, moja nyuma ya nyingine, kama mtu aliyeshona nguo zote za kabatini zikawa shuka moja.

"Mwishoni iliniandikia kwamba limenakiliwa faili 1. Nikaiona hiyo moja kwa macho yangu. Nikajiambia, folda moja, sawa. Nikafuta yale ya awali. Mashine ilisema kweli. Mimi ndiye sikuisikiliza."

Fundi wa kompyuta wa chuo, kijana anayemwita "mama" na kumtania kila siku, aliweza kuikatakata shuka hiyo, kwa kuwa kila rekodi ilianza na kichwa kilekile. Rekodi nyingi zilikuwa na jina ndani. Lakini rekodi 412 za miaka sita ya mwanzo ya kompyuta hazikuwa nalo. Wakati huo Mama Amri aliandika jina la mwanafunzi juu ya faili tu, na ndani akaweka wodi, saa za mazoezi na alama. Majina ya mafaili yalipofutwa, wenyewe nao wakapotea. Karatasi za miaka hiyo, pamoja na daftari la uandikishaji, zilishaharibika zamani bomba lilipopasuka juu ya kabati.

Fundi alimpa njia ya kutokea. "Mama, tuseme ni kirusi. Nani atabisha?"

"Kirusi hakina vidole," alimjibu. "Vidole ni vyangu."

Alipanda ghorofani kwa mkuu wa chuo, akaeleza neno kwa neno. Mkuu alimpa barua ya onyo na sharti moja: hatasaini rekodi yoyote ya miaka hiyo mpaka mwenye rekodi athibitishe kwa mambo ambayo yeye peke yake angeyajua. Hapo ndipo yalipozaliwa maswali matatu. Tangu hapo mafaili 325 yameshapata wenyewe; yamebaki 87.

Muuguzi anaulizwa la kwanza. Jina lake la ukoo linaanzia herufi gani, na mafunzo ya wodini aliyaanzia wapi?

"S. Wodi ya watoto."

Mama Amri anaandika amri ya kutafuta, katika mafaili yaliyobaki, yale ambayo wodi ya kwanza ni WATOTO. Skrini inamletea namba tatu: 041, 318 na 322. Mashine ilipoyaunganisha ilifuata mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo mwenye S hawezi kuwa huku mwanzoni. Zinabaki mbili.

"Ulitokea hapo ukaenda wapi?"

"Upasuaji." Muuguzi hasiti hata kidogo.

Mama Amri anasoma faili la kwanza, anasoma la pili. Uso wake hausemi kitu. "Hapana."

"Mama, mimi nilikuwa upasuaji. Nakumbuka mpaka harufu yake."

"Huenda ulikuwa. Lakini si mara tu baada ya watoto. Limebaki moja, mwanangu, kunywa maji kwanza."

Muuguzi hanywi maji. Anatazama mgongo wa ile skrini kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha mgonjwa wake. Nje wanafunzi wanapita wakicheka, soli zao zikilia kwenye sakafu.

"Katika wodi ya watoto, kuna jambo lolote lilikupata?"

Muuguzi anaguna, na mguno unageuka kicheko cha aibu.

"Tetekuwanga. Mtu mzima, jamani. Niliipata kwa watoto wenyewe. Nililala wiki mbili, na wenzangu wakaniita Madoa mpaka tunahitimu. Kumbe ndiyo maana upasuaji nilichelewa, nilipelekwa kliniki kwanza kufidia siku."

Mama Amri anaigeuza skrini. Faili 322, mstari wa nne: "Hakuwepo siku 14, tetekuwanga." Mstari wa tano: "Kliniki." Wa sita: "Upasuaji."

"Haya, Madoa. Hebu nitajie jina lako kamili, taratibu, herufi kwa herufi."

Anaandika ren, anaandika 322, anaandika jina. Halafu anafungua faili na kuliandika tena jina lilelile ndani, mstari wa kwanza. Muuguzi anajifuta macho kwa ncha ya mtandio na kujisingizia vumbi. Saa nne kasoro, mkuu wa chuo amesaini.

Asubuhi hiyo yalikuwa mafaili 87. Sasa yamebaki 86, na Mama Amri anastaafu baada ya miezi mitatu. Karani atakayempokea ni hodari, tena ni mwepesi wa vidole, lakini wanafunzi wa miaka ile hakuwahi kuwaona.

Kwa hiyo mwezi ujao anachukua likizo yake ya mwisho, siku ishirini na nane. Amekwisha andika maswali kwa kila faili, na atazunguka nayo hospitali hadi hospitali kuwatafuta wahitimu wa miaka hiyo sita. Mume wake, fundi cherehani, amemshonea mfuko wa turubai wa kubebea karatasi, huku akinung'unika.

"Ameniuliza, likizo gani hii ya kubeba ofisi mgongoni? Nikamwambia, bwana, wewe shona."

Kabla ya kuondoka, muuguzi anamwomba aseme ukweli: miaka yote hii imepita, je, wengine si watakuwa wamekwisha kufa?

"Wapo. Mmoja namjua, nilihudhuria mazishi yake." Anaandika amri ya kuonyesha faili, na alama zinajipanga kwenye skrini. "Nadhani lake ni namba 107. Dada yake anakuja Jumatatu kujibu maswali, mkuu amekubali. Huyu hatahitaji kazi tena wala cheti. Lakini alisoma miaka mitatu akafaulu, na pale juu pataandikwa nani alifaulu."